Kigelegele Katika Sehemu ya Pili

Mume wangu Lazarus Achola hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu anataka watu wa Kitengela wanyamaze, na ukiniuliza mimi, ni afadhali angetaka upepo wa Kitengela upite bila vumbi.

Mwaka ule wa elfu mbili na tatu alikuwa ameanzisha okestra. Si bendi, si kwaya ya vijana yenye kinanda cha betri. Okestra kamili, yenye fidla, selo, filimbi na tarumbeta, ya kupiga muziki wa Wajerumani waliokufa zamani. Siku za kazi alishughulika na makaratasi ya bima huko Nairobi. Jumamosi, badala ya kulala kama waume wa wenzangu, alikusanya watu kwenye ukumbi wa kanisa nyuma ya soko na kuwapungia kijifimbo cheupe mpaka njaa iwashinde. Ala zilitoka katika shule moja ya wamishenari iliyoamua kwamba kompyuta zina faida kuliko fidla. Wapigaji walitoka popote. Waceke, aliyeongoza fidla, alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo. Musila wa tarumbeta alikuwa amestaafu kutoka bendi ya magereza na alikuwa na lori la kubeba nyasi, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumwambia anapiga kwa nguvu mno.

Mimi nilipewa besi, ile ala iliyo kubwa kama kabati la vyombo, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kuisogeza. Nilianza kwa kuisukuma, nikaishia kuipenda. Ina sauti ya mzee anayekubaliana na jambo. Shida ilikuwa moja: msimu wetu ulipoanza nilikuwa mjamzito, mimba yangu ya kwanza, na kila wiki tumbo lilinisogeza mbali kidogo na besi yangu.

Msimu wenyewe ulikuwa wa maonyesho manne: Kitengela, Magadi, Loitokitok, halafu tufungie Kajiado. Achola alikuwa na sheria moja kwa wasikilizaji. Kipande kikubwa cha muziki kina sehemu nne, alisema, na baina ya sehemu hakuna kupiga makofi. Unanyamaza, unapumua, unangoja. Alieleza jambo hilo kabla ya kila onyesho, na maelezo yake yalikuwa marefu kuliko sehemu ya kwanza.

Kitengela tulianza vibaya mapema. Sehemu ya kwanza ilipoisha tu, mchungaji aliruka na kusema, "Hebu wapigieni hawa watu makofi kilo mbili!" Watu wakapiga kilo tano. Achola akauma meno, akangoja, akainua fimbo kwa sehemu ya pili.

Sasa sehemu ya pili ni ya polepole. Fidla ya Waceke inapanda, inapanda, halafu kila mtu ananyamaza na besi inajibu peke yake. Ni kidogo tu, lakini ni yangu. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi jikoni hadi majirani wakaniuliza kama tunafuga ng'ombe. Na siku hiyo, kiti cha mbele kabisa, alikuwa amekaa mama yangu, Syokau, aliyetoka Kajiado na kikapu cha maharagwe na kuku aliye hai, kuja kuona ni kazi gani hii binti yake anafanya na kabati.

Nikapiga. Besi ikalia vizuri kuliko siku zote. Mama akasimama akapiga kigelegele.

Nakijua kigelegele hicho. Alikipiga nilipofaulu mtihani wa darasa la nane, akakipiga tena siku ya harusi yangu, na kila mara nywele hunisimama. Lakini Achola alikuwa amewapa watu mgongo. Hakujua ni nani. Aligeuka ghafla, fimbo ikiwa imenyooshwa kule sauti ilikotoka, akaweka kidole cha mkono wa pili mdomoni, akasema, "Shhh!" Ukumbi mzima ukasikia. Ndipo akaona fimbo imemwelekea nani.

Niwaeleze wale wasiotujua. Sisi Wakamba tuna kitu kinaitwa nthoni: mkwe na mama mkwe hawatazamani machoni, hawasogeleani ovyo, hawataniani. Wajaluo nao, mama mkwe wao wanamwita maro, na mwanamume mwenye akili akimwona maro wake njiani anaingia kichakani mpaka apite. Kwa hiyo mume wangu alikuwa amevunja miiko ya makabila mawili kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ukiwa mdomoni.

Mama alichukua kikapu, akachukua kuku, akatoka. Kuku alipiga kelele mpaka mlangoni, na hakuna aliyemnyamazisha.

Jioni Achola alikaa kwenye kochi akiwa bado na koti lake la kuongozea, lile lenye mkia, akishika kichwa.

"Nimemwelekezea maro fimbo," alisema. "Ndanu, mimi nimekwisha."

"Si umwombe msamaha?"

"Nimwombe na mdomo gani? Huu huu umemwambia shhh?"

Akanunua mbuzi. Mbuzi mzuri, mweupe, asiye na doa. Musila akampeleka Kajiado kwa lori, na siku hiyo hiyo akarudi na mbuzi yule yule. Alisimama mlangoni akizungusha kofia mkononi.

"Amekataa," alisema Musila. "Amesema mbuzi hakumkosea kitu. Amesema, 'Fimbo ilinifukuza ndiyo itaniita. Bila hiyo mguu yangu haiingii kwa hiyo nyumba.'"

"Na mtoto je?" nikauliza. "Amesema nini juu ya mtoto?"

Musila alitazama viatu vyake. "Amesema anakuombea."

Hapo nililia, sitaficha. Kwetu mtoto wa kwanza anapokuja, mama anakuwa karibu. Ndiye anayekupikia uji, anayekukanda, anayekuambia kwamba maumivu hayo si ya kufa. Mama yake Achola alikuwa amefariki kabla sijamjua. Nilikuwa na mume, nilikuwa na besi, na niliogopa sana. Nilimtaka mama yangu, wala sikutaka maombi ya kutoka mbali.

"Basi mwite na hiyo fimbo," nilimwambia Achola. "Ni kitu gani? Enda Kajiado, inua fimbo, sema, 'Mama, karibu.' Finish."

Achola akasimama. Kwa mambo mengine ni mtu mpole. Ukimwambia ugali haujaiva anakula hivyo hivyo. Lakini fimbo ilikuwa dini yake.

"Nitapiga magoti," alisema. "Nitapeleka mbuzi wawili. Nitapeleka ng'ombe. Lakini hii fimbo haiiti mtu, Ndanu. Inaita sauti. Nikianza kuita watu nayo, kesho nitafukuza kuku nayo."

"Ulishafukuza mama yangu nayo."

Akaenda kusafisha fidla. Mbuzi akabaki uani. Wiki ile alikula karatasi zote za noti za filimbi ya pili, na Jumamosi tulipopiga bila hizo karatasi hakuna aliyeona tofauti.

Magadi ilitukuta mwezi uliofuata. Tulisafiri nyuma ya lori la Musila, tukipiga chafya kwa sababu ya nyasi, besi ikiwa imelazwa katikati kama mgonjwa. Joto la huko sitalieleza. Aliyefika anajua, na asiyefika asituombe tumpeleke. Katikati ya sehemu ya kwanza gundi ya besi yangu iliyeyuka. Nilisikia kitu kikisema "kwaa", mgongo wa besi ukaachana na mbavu zake. Musila akakimbia kwenye lori, akaleta blada kuukuu ya baiskeli, ule mpira wa ndani ya gurudumu, tukaifunga besi kiunoni mbele ya watu, mimi nikiwa nimeizuia kwa tumbo. Tulipoanza tena, king'ora cha zamu cha kiwanda cha magadi kikalia na nusu ya ukumbi ikaondoka kwenda kazini. Achola alinyoosha fimbo kuwaelekea, kisha akakumbuka, akaishusha haraka.

Loitokitok walitupenda kupita kiasi. Wakulima wa nyanya na vitunguu walijaa hadi madirishani, na sehemu ya kwanza ilipoisha walisimama wakaomba irudiwe. Tukarudia. Wakaomba tena. Mwishowe giza likaanza kuingia, umeme haukuwepo, tukafunga ala bila kufika sehemu ya pili. Tulipewa magunia ya vitunguu. Mimi nilicheka njia nzima, lakini Achola alikuwa amekaa juu ya gunia lake akiwa ameinama.

"Nataka mara moja tu," alisema. "Mara moja watu wakae kimya mpaka mwisho. Halafu hata nikifa ni sawa."

"Usife kabla sijazaa," nikamwambia. Kila nilipopita karibu na nyumba yenye bibi kizee mlangoni akimwosha mjukuu, nilipunguza mwendo. Nilimtumia mama salamu kupitia kila mtu aliyekuwa akielekea Kajiado. Salamu zilirudi, yeye hakuja.

Ndipo tukafika Kajiado kufunga msimu. Sasa tumbo lilikuwa limenitangulia kabisa. Besi niliishika kwa kujipinda upande, mkono ukizunguka kama mtu anayefunga lango kutoka nje. Aliyetualika alikuwa Mwalimu Tajeu, mwalimu mkuu mstaafu, Mmasai mrefu aliyevaa suti ya kijivu na shuka nyekundu begani. Alikuwa amefundisha kwaya za shule maisha yake yote. Alitupokea mlangoni mwa ukumbi wa shule.

"Sopa!" alitusalimu kwa Kimasai.

"Epa!" tukajibu wote, hata Achola, kwa lafudhi ya Kisumu.

"Karibuni. Kila kitu iko tayari. Mtaingia kwa mstari, mtatoka kwa mstari."

Katikati ya ukumbi niliona meza. Ilikuwa na kitambaa cheupe, glasi ya maji iliyofunikwa na sahani, kalamu mbili na kengele ndogo ya shaba. Achola alidhani ni meza ya mgeni wa heshima na akafurahi. Watu walikuwa wamejaa na wamekaa kwa mistari, mikono mapajani. Hakuna aliyekuwa akizungumza.

Halafu, mstari wa tatu, nikamwona mama.

Alikuwa amefunga kichwani kitambaa chake cha Jumapili. Kikapu chake kilikuwa mapajani, kikapu kikubwa kilichovimba, amekikumbatia kama mtu anayeogopa wezi. Nilienda kwake nikiyumba kama bata.

"Mama! Umekuja!"

"Sikukuja kwa huyo," alisema mama, macho mbele. "Nimekuja kwa mashindano."

"Mashindano gani?"

"Si Tajeu alitangaza kanisani? Eti leo mnapewa alama." Hapo ndipo aliponitazama. "Nimekuja nimwone huyo mpunga fimbo wako akianguka."

Niliangalia ile meza tena. Niliangalia kengele. Na nikaelewa, kwa sababu mtoto yeyote aliyesoma shule ya Kenya angeelewa. Kwa Mwalimu Tajeu, watu waliovaa nyeusi na nyeupe wakisimama mbele ya mtu mwenye fimbo ni jambo moja tu duniani: mashindano ya muziki. Hakuwa ametuandalia wasikilizaji. Alikuwa ametuandalia mwamuzi, naye ndiye mwamuzi mwenyewe.

Nilirudi jukwaani nimwambie Achola. Nilimkuta amesimama nyuma ya pazia, macho yanang'aa.

"Ndanu, sikiza," alinong'ona. "Sikiza hao watu."

"Nimesikiza. Hakuna kitu."

"Ndiyo! Hakuna kitu! Hata mtoto hakohoi. Kajiado wamestaarabika kuliko sisi."

Ningemwambia, angetoka kwenda kueleza watu kwamba haya si mashindano, na mama angechukua kikapu chake na kwenda nyumbani, maana yeye alikuja kwa alama. Nikafunga mdomo. Tena, nisiseme uongo, nilitaka kuona.

Tukaingia kwa mstari. Achola hakutoa hata yale maelezo yake. Sehemu ya kwanza ikaisha na hakuna aliyesogea. Nilimwona mume wangu akifumba macho, akivuta pumzi ile aliyoingoja msimu mzima, mabega yakishuka. Ni kweli nilimfurahia. Ana makosa yake, lakini ni wangu.

Tukaingia sehemu ya pili. Fidla ya Waceke ikapanda. Wote wakanyamaza, nikapiga ile sauti yangu, blada ya baiskeli ikitetemeka kiunoni mwa besi. Nilimtazama mama. Midomo yake ilikuwa imebanwa. Muziki ukapita mahali pale palipokuwa na kigelegele chake, na palikuwa patupu. Tulipiga vizuri, lakini ilikuwa kama kula chakula kizuri peke yako.

Sehemu ya nne ikaisha. Achola akageuka, akainama kupokea makofi.

Kimya.

Akainuka, akatabasamu, akainama tena. Kimya. Mwalimu Tajeu alikuwa akiandika. Tulimsikia akifungua karatasi ya pili. Jasho lilianza kumtoka Achola kwenye paji la uso, na akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Kengele ikalia: ting!

Mwalimu Tajeu akasimama, akanywa maji, akafunika glasi.

"Asanteni sana washiriki," alisema. "Nitaanza na kuingia jukwaani. Mliingia kama watu wanatafuta viti kwa matanga. Mavazi: mzuri, lakini kuna soksi mbili hazijuani. Bwana wa tarumbeta, punguza. Hakuna mfungwa ametoroka." Watu wakacheka kwa heshima kisha wakanyamaza. "Mama wa besi, hongera kwa hali yako. Sauti nzuri sana. Lakini ala imefungwa na blada. Hapo alama imeanguka."

Achola alikuwa amefungua mdomo na ameusahau hivyo.

"Sasa, mwongozaji," Mwalimu Tajeu akaendelea, na sauti yake ikawa ya upole. "Unajua kazi. Hiyo sitakunyima. Lakini nimeangalia mgongo yako kutoka mwanzo. Unaongoza kama mtu anaogopa wale wako nyuma yake. Umewapigia muziki mzuri, lakini hujamkaribisha mtu." Akatazama karatasi. "Alama themanini na mbili. Nafasi ya pili."

Hapo ndipo makofi yalipokuja. Yalikuja kama mvua ya Aprili, watu wakisimama, watoto wakipiga miguu. Achola akainua mkono.

"Mwalimu," alisema, "ya pili kwa nani?"

"Nafasi ya kwanza haikupatikana."

"Lakini tuko peke yetu! Hii si mashindano!"

Mwalimu Tajeu akamtazama kwa huruma ya kweli. "Kijana yangu," alisema, "wote wakishindwa husema hivyo."

Waceke alikuwa ameficha uso nyuma ya fidla yake, akitikisika. Musila, aliyekulia kwenye mambo ya vyeo, alikuwa amekasirika kwelikweli na kuuliza rufaa inakatwa wapi. Na Achola alisimama pale katikati, koti la mkia, fimbo inaning'inia. Ukimya wake, ule aliouota, haukuwa wake. Ulikuwa wa kengele. Nilimhurumia mpaka nikajuta kucheka.

"Ngoja kwanza!"

Mama alikuwa amesimama. Kikapu bado amekikumbatia.

"Tajeu," alisema, "wewe tumesali na wewe miaka mingi. Hebu nionyeshe huyo wa kwanza. Ako wapi? Asimame tumwone."

"Mama Syokau, sheria inasema—"

"Sheria gani? Mtu anakimbia peke yake anakuwa wa pili? Nani amempita, upepo?" Ukumbi ukaanza kucheka. Mama hakucheka. "Huyu ni mkwe wangu. Ako na kichwa ngumu, na fimbo yake haina adabu, hiyo najua kuliko nyinyi wote. Lakini hatakuwa wa pili mbele yangu na hakuna mtu!"

Alikuwa amekuja kumwona akianguka. Sasa ameanguka, na tazama anavyomwokota.

Mwalimu Tajeu alikuna kidevu. Alikuwa mtu wa haki. "Sawa. Rufaa imekubaliwa. Wanaweza kurudia sehemu moja. Moja tu. Mwongozaji, ni gani?"

Achola alimtazama mama. Yaani, alitazama viatu vya mama, maana nthoni haikuwa imeisha. Kisha akanitazama mimi, na tumbo langu, na blada.

"Ya pili," alisema.

Alisogeza kisimamio chake pembeni, asiwape watu mgongo, wala asitupe sisi. Akainua fimbo. Waceke akaanza kupanda, taratibu kuliko kawaida. Wote wakanyamaza. Nikaingia na ile sauti yangu ya chini, na nilipotaka kuiacha Achola akainua mkono wa kushoto: shikilia. Nikashikilia. Akageuka. Kichwa kimeinama, macho sakafuni, akanyoosha fimbo kuelekea mstari wa tatu. Hakuinyoosha kama siku ile, kama mtu anayefukuza. Aliishika chini, ncha ikiinuka polepole, vile anavyomwalika Waceke aingie, vile anavyoniingiza mimi. Fimbo haiiti mtu. Inaita sauti. Na ukumbi wote ulijua ni sauti ya nani.

Tukangoja. Mkono wangu uliuma. Mtoto akapiga teke, likaenda moja kwa moja kwenye mbao za besi, nadhani mstari wa mbele walilisikia.

Mama aliitazama ile fimbo. Kisha akainua mkono wake taratibu, akaweka kidole mdomoni.

"Shhh," alisema.

Ukumbi ulipasuka. Kalamu ya Mwalimu Tajeu ilianguka. Achola aliinama, mabega yakitikisika, na mimi nikadhani analia, nikataka kuacha besi nimfuate. Hakuwa analia. Alikuwa anacheka. Mume wangu alicheka mpaka fimbo ikagusa sakafu, na fidla zikatawanyika, filimbi zikakata, okestra nzima ikabomoka. Nilibaki mimi peke yangu na noti yangu ile ya chini, kwa sababu hakuna aliyeniambia niiache.

Na juu ya noti hiyo, wakati hakuna tena aliyekuwa akimngoja, mama akainua kidevu akakiachilia kigelegele. Kikapanda hadi kwenye mabati. Wanawake wa Kajiado wakakipokea, kutoka mstari hadi mstari, Wakamba na Wamasai, kila mmoja kwa namna ya kwao. Mwalimu Tajeu aligonga kengele, akaigonga tena, akaona inamchosha, akaiweka chini na kuanza kupiga makofi kama mtu mwingine.

Mama alipanda jukwaani wakati watu bado wanapiga kelele. Alimpita Achola kwa mbali, akimgeuzia bega kama inavyotakiwa, na Achola naye akarudi nyuma kwa heshima mpaka akaketi juu ya ngoma. Akanifikia. Hakunikumbatia, maana besi na tumbo havikuacha nafasi. Aliweka kiganja juu ya tumbo langu, akabonyeza chini kidogo, akasikiliza kwa vidole.

"Huyu ameshuka," alisema. "Hatakaa sana."

Akaweka kikapu chini miguuni pangu ili aniondolee upinde wa besi mkononi. Kilifunguka. Ndani hakukuwa na maharagwe. Kulikuwa na leso zake mbili, ndala, chupa ya mafuta ya kukandia, unga wa wimbi wa uji, na gauni lake la kulalia, vyote vimekunjwa vizuri.

"Mama," nikasema, "si ulisema mpaka fimbo ikuite?"

"Nilisema."

"Na si ulikuja kumwona akishindwa?"

"Nilikuja." Akainama akarudisha ndala ndani, akafunika kikapu. "Lakini nilipanga nguo asubuhi. Ashinde ama ashindwe, wewe si ungezaa tu?"